Tuta la barafu kwenye paa: kulizuia, na la kufanya likishakufika

Maji yalianza kudondoka alfajiri, saa kumi na moja kasoro, kupitia tundu la taa juu ya meza ya chakula. Nje baridi ilikuwa nyuzi 15 chini ya sifuri. Mtu aliyekulia Tanga hana jibu la jambo kama hilo: mvua gani hii, kwenye baridi ya kugandisha mate? Nikaamini bomba limepasuka. Nikafunga koki kuu, nikakaa gizani nikingoja matone yakate. Hayakukata. Mke wangu ndiye aliyesema, "Baba Neema, huko juu upande huo hakuna bomba." Na kweli hakuna.

Ilikuwa Februari 2023, Minneapolis, msimu ulioangusha zaidi ya sentimita 225 za theluji mjini. Kulipokucha nikatoka, nikatazama juu. Pale upenuni palikuwa pamejijenga barafu nene kama mto wa kulalia, na mikuki ya barafu ilikuwa imening'inia hadi usawa wa dirisha. Nyuma ya barafu hiyo kulikuwa na dimbwi, na dimbwi lile halikuwa na pa kwenda ila kuingia kwangu.

Wenyeji wanaiita "ais dam", na ukimpigia fundi simu tumia jina hilohilo. Hapa nitaiita tuta, kwa sababu kazi yake ni ileile ya tuta la jaruba la mpunga: kuzuia maji yasitoke. Mwongozo huu ni wa ndugu waliokwisha kununua au kupanga nyumba Minnesota, Maine, kaskazini mwa New York, Ontario na kwingine ambako theluji hukaa juu ya paa wiki kwa wiki. Nimeupanga kwa haraka ya mtu mwenye shida: maji kwanza, kisha barafu, kisha dawa yenyewe, ambayo hufanywa wakati hakuna theluji hata chembe.

Kama maji yanadondoka sasa hivi

Anza na umeme. Maji yakipita kwenye taa au karibu na soketi, nenda kwenye sanduku la umeme uzime breka ya chumba hicho kabla ya kugusa kitu kingine chochote. Mimi nilikimbilia kuokoa kapeti. Lilikuwa kosa la kijinga, kapeti hukauka.

Halafu ndoo. Dari nyingi za huku ni za jipsamu, na jipsamu ikinywa maji hutuna kama tumbo. Ukiiona imetuna, weka ndoo chini yake kisha itoboe kwa bisibisi pale ilipovimba zaidi. Inauma kutoboa nyumba unayoidaiwa na benki kwa miaka 30, lakini tundu la bisibisi huzibwa kwa kijiko cha plasta. Ukiiacha, ubao mzima unaweza kushuka na maji yake na sufu yake (ile inayotandikwa juu ya dari kuzuia joto lisitoke), juu ya kochi au juu ya mtoto.

Kama unaweza kufika darini kwa usalama (humu darini ni ile nafasi iliyo kati ya dari na paa), peleka feni ya kawaida uielekeze chini ya mbao za paa, pale maji yanapopenya. Hewa baridi ya huko huyagandisha maji njiani, na tone hukata kwa muda. Haiponyi kitu, ila inakupa usiku mmoja wa kulala. Ukiwa huko kanyaga boriti tu. Ukikanyaga katikati utatokea sebuleni.

Piga picha za kila kitu: doa, ndoo, tuta lenyewe ukiwa nje. Siku hiyohiyo ipigie simu kampuni yako ya bima. Kwa kawaida bima ya nyumba Marekani hulipia uharibifu wa ndani uliotokana na tuta la barafu, lakini mara nyingi gharama ya kuiondoa barafu yenyewe haimo. Mikataba hutofautiana, kwa hiyo uliza maswali hayo mawili mbalimbali, na uandike jina la aliyekujibu. Vilivyoloa usivitupe kabla mkadiriaji wao hajaviona, au angalau kabla hujavipiga picha.

Kuipunguza barafu bila kuharibu paa

Jirani yangu mmoja alipanda na shoka. Nilimtazama kupitia dirishani huku nikinywa chai, nikamhurumia yeye na paa lake. Vigae vya lami kwenye baridi kali huwa vikavu kama biskuti. Kila pigo linalopasua barafu linapasua na kigae. Mwezi wa nne alikuwa na mafundi juu ya paa. Kwa hiyo usitumie shoka, nyundo wala sululu. Usitumie tochi ya gesi. Na chumvi ya mawe ile ya kumwaga njiani iache njiani: hutafuna mabati na misumari, huunguza maua yaliyo chini, na baridi ikizidi nyuzi 9 hivi chini ya sifuri haifanyi kazi yoyote ya maana.

Kama barafu bado haijawa nene, chombo chako ni reki ya paa. Ni ubao mwepesi wa alumini au plastiki uliofungwa kwenye mpini wa vipande vinavyoungana mpaka mita 6 hivi. Simama chini, kwenye ardhi, pembeni kidogo mwa pale theluji itakapoangukia. Vuta kuelekea kwako, moja kwa moja kutoka juu kuja chini, usikwangue kwa upande. Acha utando mwembamba wa theluji wa sentimita chache, ili ubao usichubue ule mchanga wa juu ya vigae. Kabla ya kuinua mpini, tafuta kwa macho waya wa umeme unaoingia nyumbani. Alumini na waya huo vikikutana, paa halitakuwa shida yako tena.

Umbali gani? Wengi husema mita moja au moja na nusu kutoka ukingoni. Mimi nasema kadiri mpini unavyofika, kwa sababu ukisafisha ukanda mfupi tu, tuta linaweza kuhamia juu, pale theluji iliyobaki inapoanzia. Ifanye kazi hiyo baada ya kila theluji ya sentimita 15 au zaidi, kabla haijakaa siku tatu. Theluji mbichi ni nyepesi kama pamba. Ya wiki moja imeshashikamana, kila mvuto utausikia begani.

Tuta likiwa limeshakomaa, reki haliwezi. Hapo kuna dawa ya kienyeji ya huku ambayo mwanzoni niliicheka: stokingi za kike. Nunua kloridi ya kalsiamu dukani, ile ya kuyeyusha barafu, jaza mguu mzima wa stokingi, funga fundo, kisha ilaze juu ya tuta kwa kulikata, kichwa kikiwa upande wa dimbwi na mguu ukichungulia nje ya upenu. Isukume kwa mpini wa reki badala ya kupanda ngazi. Tofauti na chumvi ya mawe, hii huyeyusha hata baridi ikifika karibu nyuzi 29 chini ya sifuri. Itatoboa mfereji taratibu, na maji yaliyofungiwa yatapata njia. Tuta halitaondoka, ila dimbwi litakwisha, na dimbwi ndilo linaloingia ndani. Mimi niliweka nne, kila baada ya mita moja. Nyumba ilionekana kama imeanikwa miguu. Wanangu waliona aibu kwenda kupanda basi la shule.

Ikishindikana, ita watu wa mvuke. Swali la kwanza kwenye simu: "Mnatumia mvuke au maji ya moto ya presha?" Wakisema presha, shukuru, kata simu. Mvuke wa presha ndogo hukata barafu vipande kama kisu kwenye keki bila kung'oa kigae; maji ya presha hung'oa. Swali la pili: mna bima ya kazi hii? Hutoza kwa saa, mamia ya dola, na wengi wana kima cha chini cha saa mbili. Jihadhari na wanaobisha hodi wenyewe siku ya pili baada ya dhoruba. Kwangu alikuja mmoja na ngazi na nyundo ya mpira, akataka alipwe kabla ya kupanda.

Mikuki nayo usiipige ukiwa chini yake. Zuia watoto wasipite hapo, tumia mlango mwingine.

Ugonjwa uko chini ya dari

Sasa tukae tuulizane barafu hii ilitoka wapi, kwa sababu mvuke wa Februari hauzuii tuta la Machi.

Hewa ya moto hupanda. Kwenye nyumba inayopashwa joto miezi sita, hupanda muda wote, ikitafuta tundu lolote darini kama moshi unavyotafuta dohani. Ikipita, hulipasha joto paa kutoka chini. Juu ya paa kuna theluji, na theluji ni blanketi. Kadiri inavyokuwa nene, ndivyo mbao za paa zinavyozidi kupata joto. Theluji inayogusana na vigae huyeyuka, maji huteremka chini ya blanketi hilo bila wewe kuona kitu. Yakifika upenuni, sehemu inayochungulia nje ya ukuta, hapana joto chini yake. Hapo hugonga baridi, huganda. Ya kesho huganda juu ya ya leo. Baada ya siku kadhaa tuta limesimama, maji yanayoendelea kuteremka hujikusanya nyuma yake na kurudi nyuma, chini ya vigae. Vigae vimetengenezwa kwa maji yanayoshuka, si maji yaliyosimama.

Kwa hiyo mtu akikwambia kosa ni la gata, ule mfereji wa ukingoni mwa paa wa kukusanya maji, kataa. Gata likijaa barafu huongeza uzito na linaweza kung'oka, lakini nyumba isiyo na gata hupata tuta vilevile. Paa lililo baridi lote, juu mpaka chini, halijengi tuta. Kama una gereji iliyosimama peke yake isiyopashwa joto, litazame paa lake: theluji imekaa sawasawa kama shuka iliyotandikwa, na ukingoni hakuna kitu. Jua lile lile, theluji ile ile. Tofauti ni kwamba gereji haina mtu anayepika maharage ndani.

Hatua ya kwanza: pima

Siku mbili tatu baada ya theluji, simama ng'ambo ya barabara utazame paa lako na ya majirani. Sehemu iliyoyeyuka mapema ndipo joto linapovuja. Kwangu kulikuwa na doa jeusi la duara, kubwa kama sinia, juu ya choo cha ghorofani. Nililiona tangu Desemba nikadhani ni jua.

Kisha nunua kipimajoto cha bei rahisi chenye kisomeo cha mbali, kile cha dola kumi na kitu, ukiweke darini. Watafiti wa maabara ya jeshi la Marekani inayochunguza maeneo ya baridi, iliyoko Hanover, New Hampshire, walifikia kanuni nyepesi kukumbuka: nje kukiwa nyuzi 6 hivi chini ya sifuri, darini kusizidi nyuzi 1 chini ya sifuri. Darini kukiwa na joto kuliko hapo wakati theluji iko juu, tuta linajengwa. Kwangu siku ya kwanza nje kulikuwa -11, darini +6. Ningeweza kulaza wageni.

Kutafuta matundu, wataalamu hufunga feni kubwa kwenye mlango wa mbele, ikavuta hewa ya nyumba nzima nje, kisha wakapita na kamera ya joto. Kampuni nyingi za umeme na gesi hutoa ukaguzi wa namna hiyo kwa bei nafuu. Ulizia kwanza kwako. Kabla hawajafika, sisi tuna chetu: kijiti cha udi. Siku ya baridi kali, washa udi, upitishe moshi karibu na kila taa ya darini, kilango cha kupandia darini, feni ya bafuni. Moshi ukisimama tuli, hapo salama. Ukinyooka na kunyonywa juu, umepata tundu. Nyumba inanukia, na kazi inakwenda.

Hatua ya pili: ziba kabla ya kutandika

Hapa ndipo watu wengi, na mafundi wengi pia, wanapokosea. Wanaona sufu ya darini ni nyembamba, wanamwaga nyingine juu, wanaondoka. Sufu hupunguza joto linalopita polepole, lakini hewa inayopenya kwenye tundu hupita katikati yake kama maji kwenye chujio. Ukipanda darini na kuona sufu ya waridi au ya njano ina mabaka meusi kama kichungio cha gari, usidhani ni ukungu wala panya. Ni vumbi la nyumbani kwako lililochujwa na hewa iliyokuwa ikipita hapo miaka yote. Inua kipande hicho. Tundu liko chini yake.

Onyo kabla ya kupanda. Kama darini kuna chembechembe za rangi ya kijivu na dhahabu zinazometameta, kama kokoto nyepesi zilizochanuka, hiyo ni vamikulaiti. Sehemu kubwa ya vamikulaiti iliyouzwa Marekani ilitoka mgodi wa Libby, Montana, uliofungwa 1990, na ilichanganyika na asbesto, ambayo vumbi lake huharibu mapafu. Kiwanda kimoja kilichokuwa kikiichakata kilikuwa hapahapa kaskazini-mashariki mwa Minneapolis. Usiiguse, usiifagie, usiweke mizigo huko. Ita watu wenye leseni. Vilevile nyumba za kabla ya miaka ya 1940 huwa na nyaya za zamani zilizopita juu ya vibonge vya kauri. Mpigie fundi umeme kabla ya kuzifunika.

Kama hakuna hayo, vaa barakoa nzuri, miwani, glavu, shati la mikono mirefu, uende Oktoba au Aprili. Julai darini ni tanuri.

Anza na makubwa. Kuzunguka dohani la matofali au bomba la moshi la fanesi (mtambo wa kupashia nyumba joto) kwa kawaida kuna pengo ambalo mkono mzima unapita. Hapo ni marufuku povu la kopo, lile la kupuliza linalotuna na kuziba nyufa. Pengo hilo liliachwa makusudi kwa ajili ya moto. Kata bati jembamba likae mpaka kwenye bomba, lipigilie, kisha ziba ukingo kwa gundi isiyoshika moto. Pili, bomba la choo linalopanda kutokea paani. Tatu, mahali kuta za ndani zinapokutana na dari: ukiinua sufu utaona ubao wa juu wa ukuta na ufa pande zake mbili, na matundu ya nyaya. Ufa huo ni mwembamba, lakini jumlisha urefu wake nyumba nzima. Hapa povu la kopo ni sawa, na ni kazi ya kutambaa na kulaani. Taa za zamani zilizozamishwa darini hutoa hewa na joto pia. Nyingine zikifunikwa huungua, kwa hiyo badilisha ziwe za aina iliyofungwa inayoruhusiwa kugusana na sufu. Mwisho, kilango cha kupandia darini: bandika utepe wa sponji kwenye fremu, gundisha ubao wa povu gumu mgongoni mwake, kiwe na uzito au ndoano za kukibana.

Feni ya bafuni lazima itoe hewa nje ya nyumba, siyo darini. Yangu, ile ya lile doa la duara, ilikuwa imeishia kwenye sufu. Fundi wa zamani aliichomeka hapo akafunika akaenda zake. Mvuke wote wa kuoga wa familia ya watu watano ulikuwa unaishia chini ya vigae. Mvuke huo huganda kwenye misumari ya paa, na siku joto likipanda unayeyuka wote kwa pamoja na kudondoka. Watu hudhani paa linavuja wakati paa ni zima. Ukiwa unachemsha makande kwa muda wa saa nne, funika sufuria, washa feni ya jikoni. Unyevu wa ndani wakati wa baridi usizidi asilimia 40, na baridi ikiwa kali uwe chini zaidi ya hapo.

Jambo moja zaidi, na usiliruke. Ukishaziba nyumba vizuri, fanesi au hita ya maji inayotumia gesi na kutoa moshi kwa dohani la kawaida inaweza kukosa hewa ikarudisha moshi ndani. Mwite mtaalamu apime baada ya kazi, na uwe na king'ora cha monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu isiyo na harufu, karibu na vyumba vya kulala. Mabomba ya plastiki ya fanesi za kisasa yanayotokea ukutani yafukue kila baada ya dhoruba. Na jiko la mkaa libaki nje hata nyama iwe kilo mbili tu.

Nyumba za ghorofa moja na nusu

Hizi zimejaa Minneapolis na St. Paul, na nyingi hujenga tuta kila mwaka. Chumba cha juu kimekatwa ndani ya paa: pande mbili kuna vikuta vifupi, usawa wa kiuno au kifua, na nyuma yake kichochoro cha giza ambamo watu huweka masanduku. Mwenye nyumba hutandika sufu kwenye kikuta, hutandika na kwenye sakafu ya kichochoro, akaona amemaliza. Lakini boriti za sakafu hupita chini ya kikuta bila kukatizwa. Hewa ya moto iliyo kati ya ghorofa mbili hutoka hapo kama kwenye bomba, mpaka upenuni.

Dawa yake: kata vipande vya povu gumu, kimoja kwa kila nafasi kati ya boriti, kiingize chini ya kikuta, uzibe kingo zake nne kwa povu la kopo. Kwangu zilikuwa nafasi 34. Nilitumia wikendi mbili na magoti yote mawili. Ile sehemu ya dari iliyoinama ina kina kidogo, nayo ni kazi ya fundi mwenye mashine ya kujaza selulosi, sufu ya karatasi zilizosagwa, kwa kubana.

Hatua ya tatu: sufu na hewa

Baada ya kuziba, sasa tandika. Kwa Minnesota lenga kiwango kinachoandikwa R-49 au zaidi; R ni kipimo cha jinsi sufu inavyozuia joto, na namba ikiwa kubwa inazuia zaidi. Kwa selulosi ya kupulizwa ni kina cha sentimita 35 hadi 40. Kina kiwe sawa kila mahali, pamoja na juu ya ukuta wa nje, ambako watu huishiwa nguvu.

Paa linahitaji kupitisha hewa baridi: iingie kwa matundu ya upenuni, itoke kwa yale ya mgongo wa paa. Kipimo cha kawaida ni futi 1 ya mraba ya matundu kwa kila futi 300 za mraba za darini, nusu chini nusu juu. Sufu isizibe yale ya chini. Weka vile vipande vya plastiki au povu vilivyokunjwa kama mfereji kati ya kenchi kabla ya kumwaga sufu. Ila usianze na matundu. Ukifungua mgongo wa paa bila kuziba dari, unaipa hewa ya moto dohani kubwa zaidi. Na feni ya umeme ya darini usinunue kabisa. Huvuta joto uliloligharimia.

Nyaya za kupasha joto, zile zinazozungushwa ukingoni kwa mtindo wa meno ya msumeno, hufungua njia ya maji na kula umeme. Zina nafasi yake kwenye kona ambayo haiwezi kufikiwa kwa namna nyingine. Fundi anayeanza mazungumzo kwa kukuuzia hizo hajapanda darini kwako.

Siku ukibadilisha paa, hakikisha chini ya vigae wanaweka utando wa kunata unaozuia maji, kuanzia ukingoni mpaka angalau sentimita 61 ndani ya mstari wa ukuta wa nje. Ni sharti la kanuni za ujenzi katika maeneo haya. Hauzuii tuta, unazuia dimbwi lisifike mezani.

Gharama, na kama umepanga

Kipato kikiwa kidogo, kuna mpango wa serikali kuu ya Marekani wa kuhami nyumba dhidi ya baridi, ulioanza 1976, unaoziba na kutandika sufu bila malipo. Minnesota ombi lake ni lilelile la msaada wa bili za joto. Wapangaji nao huomba, kwa ridhaa ya mwenye nyumba.

Ukiwa mpangaji, paa si lako, usipande wala usilipie mvuke. Mwandikie mwenye nyumba ujumbe wenye tarehe na picha siku uliyoona mikuki mikubwa, siyo siku maji yalipoingia. Vitu vyako, godoro, televisheni, havimo kwenye bima yake. Hiyo ni kazi ya bima ya mpangaji.

Doa la darini lisubiri. Usipake rangi Machi. Acha jipsamu ikauke kabisa, wiki kadhaa na feni, na ubonyeze kwa kidole: ikibonyea, ikatwe. Ikiwa imara, pitisha kwanza rangi ya msingi ya kuziba madoa, kwa sababu rangi ya maji ya kawaida hupitisha lile doa la rangi ya chai ndani ya siku mbili. Mimi nilipaka mara tatu kabla muuza duka hajaniuliza nilikuwa napaka juu ya nini.